Karagosi hakuwa kibaraka

Ukimwita mtu karagosi kwa Kiswahili, umemtukana. Umesema hana lake: kuna mkono nyuma yake, na kinywa chake hakifunguki mpaka mwenye mkono atake. Mtu akisema "serikali ya makaragosi", hakuna anayeuliza maana yake.

Lakini jina hilo lina mwenyewe. Karagöz ni sanamu ya ngozi katika mchezo wa vivuli wa Waturuki. Kara ni rangi nyeusi, göz ni jicho, na huyu Jicho Jeusi alisifika kwa mdomo usiozibika. Katika mikahawa ya Istanbul, usiku wa Ramadhani watu wakishatoka tarawehe, ndiye aliyewasema mawaziri, matajiri na wenye vilemba vikubwa, kwa maneno ambayo mnywa kahawa aliyeketi mbele yake asingethubutu hata kuyanong'ona. Kiswahili kimelichukua jina lake kikamnyima ulimi, na hilo linaniuma kila nikiliona neno limetumika vile. Ningependa kumrudishia haki yake kwa kueleza alivyoundwa, maana uwezo wake wa kusema haukutokana na ushujaa peke yake. Umo katika ngozi, katika kijiti, katika taa na katika mpangilio wa mchezo.

Ngano ya Bursa, mji wa Uturuki, yasema alikuwa mfua vyuma, na mwenzake Hacivat alikuwa mwashi, wote wawili wakijenga msikiti zama za Sultani Orhan wa dola ya Osmani. Mizaha yao iliwafanya mafundi waache kazi kusikiliza, ujenzi ukasimama, Sultani akaamuru wauawe. Alipojuta, mzee mmoja aitwaye Şeyh Küşteri alitundika kitambaa, akawasha taa nyuma yake na kuwafufua kwa vivuli. Ni ngano tu, ila mafundi wa mchezo huu waliishika: mpaka leo pazia la mchezo huitwa Uwanja wa Küşteri. Kwa mujibu wa ngano hiyo, mchezo wenyewe ulizaliwa ili kuwakumbuka wafanyakazi wawili waliouawa kwa sababu ya maneno yao.

Tuanze na ngozi. Iliyosifiwa kuliko zote ni ya ngamia, kwa kuwa inapitisha mwanga vizuri, inakunywa rangi na haijikunji upesi ikipata joto la taa. Ilipokosekana walitumia ya nyati wa kufugwa, ya ng'ombe au ya ndama. Ngozi hiyo haidabaghiwi kama ya viatu, maana ikidabaghiwa huwa laini na nzito, na mwanga haupiti. Inabaki ngozi mbichi iliyokaushwa: huloweshwa, manyoya na mafuta yakaondolewa pande zote mbili, ikawambwa na kukaushwa, kisha ikakwanguliwa kwa kipande cha kioo mpaka ukiiinua kwenye jua uone vidole vyako upande wa pili. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea. Mafuta yakibaki, hata kidogo, rangi haishiki na sanamu hutoka na madoa kama ya mvuke. Na ukikwangua sehemu moja kuliko nyingine, ngozi hupinda yenyewe siku ya kwanza ya taa.

Mchoro huwekwa juu ya ngozi kwa kalamu, kisha unakatwa kwa kisu kidogo chenye ncha iliyopinda, kiitwacho nevrekan, juu ya ubao wa mti laini ili makali yasivunjike. Baada ya hapo hutobolewa matundu madogo madogo kwa patasi na vitobozi: nyusi, ndevu, mshono wa joho, maua ya kitambaa. Matundu haya si urembo tu. Rangi peke yake hufifia mtu akikaa mbali, lakini tundu hupitisha mwanga mtupu, na mstari wa matundu ndio unaomwezesha mtazamaji wa safu ya nyuma kujua hili ni jicho na huu ni mkono. Ukitoboa matundu karibu karibu mno, ngozi huchanika kama stempu. Acha kati ya tundu na tundu nafasi isiyopungua upana wa tundu lenyewe.

Rangi za zamani zilitokana na mizizi na mimea; siku hizi wengi hutumia wino wa rangi unaopenya. Ni lazima ziwe za kupenya, kwa sababu rangi nzito ya mafuta hufunika ngozi na kutoa kivuli cheusi kitupu. Hupakwa pande zote mbili, kisha kingo hupigwa mstari mweusi. Rangi iliyopakwa upande mmoja huonekana nzuri mezani na hafifu kwenye pazia.

Sanamu ya kawaida ina urefu wa sentimita 35 hadi 40. Karagöz mwenyewe ana vipande kadhaa: kiwiliwili na kichwa, mkono, nyonga, miguu, na kofia iliyofungwa kwa kiungo ili ikigongwa ianguke nyuma na upara uonekane. Viungo hufungwa kwa uzi wa utumbo uliotiwa fundo pande zote mbili. Wa leo hutumia mshipi wa nailoni na kuichoma ncha kwa moto ili fundo lisifunguke. Kaza kupita kiasi, mguu haubembei na mtu anakuwa kama mbao. Legeza kupita kiasi, mguu unageuka nyuma katikati ya maneno na watu wanacheka pasipostahili. Kipimo ni rahisi: shika sanamu kwa kiwiliwili, itikise mara moja, na miguu ibembee mara mbili tatu kisha itulie.

Sasa kijiti, maana ndicho kinachoitofautisha sanaa hii na ya Wajava, ambao vijiti vyao hutoka chini. Kijiti cha Karagöz huingia kimelala, kikilielekea pazia moja kwa moja kama msumari unavyouelekea ukuta. Urefu wake ni kama sentimita 50 hadi 60, wa mti mgumu. Pale kinapoingia, ngozi huongezewa tabaka moja au mawili yaliyoshonwa kuzunguka tundu, kama kola. Bila kola, tundu hupanuka na sanamu huanguka kwenye mikono ya fundi wakati wa ugomvi. Kola nayo ikibana mno, fundi hawezi kubadilisha sanamu haraka. Ncha ya kijiti hulowanishwa kidogo kabla ya kuingizwa. Mti huvimba na kushika.

Kwa kuwa kijiti kimelala, kivuli chake ni kama nukta na hakionekani. Lakini kuna gharama yake: sanamu haiwezi kugeuza uso. Inayoingia ikitazama kushoto hutoka kinyumenyume, isipokuwa iliyofungiwa bawaba ya kugeukia. Karagöz ana vijiti viwili, cha mwili na cha mkono, kwa sababu yeye ndiye mpigaji. Hacivat ana kimoja. Wengine karibu wote wana kimoja, kwa sababu fundi naye ana mikono miwili tu. Sanamu wakiongezeka, wale wasiosema hushikizwa kwenye mti wenye panda.

Fundi huitwa hayali, na anafanya sauti zote: mlevi, mke, Mwajemi, Mwalbania, Myahudi, mtoto wa kitajiri. Yardak humsaidia kuimba, mwingine hupiga tari, na yupo sandıkkâr, mwenye sanduku, ambaye kazi yake ni kumkabidhi sanamu kwa mpangilio. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa neno sandık. Kosa la mwenye sanduku husikika kuliko la mwingine yeyote: akitoa sanamu isiyo yake, hayali amekwisha kuanza sauti ya Mwalbania na pazia linamwonyesha bibi. Ndiyo maana mafundi wazuri huwa na wimbo wa akiba wa kuzibia pengo.

Pazia lilikuwa kubwa zamani, kama mita 2 kwa 2.5, baadaye likapungua hadi kama sentimita 110 kwa 80. Kitambaa ni pamba nyeupe nyembamba, kimezungukwa na kitambaa cheusi au cha maua, kimekazwa sawasawa. Kunjo moja tu, na uso wa Karagöz unavunjika kila akipita hapo. Chini, kwa ndani, kuna rafu ya taa. Zamani ilikuwa bakuli la mafuta ya zeituni lenye tambi za pamba, na mafundi wa leo wanaotumia globu ya umeme hukiri kwamba kitu kimepotea: mwale wa mafuta hutetemeka, na sanamu iliyosimama kimya huonekana inapumua. Ukitumia globu, weka moja. Mbili hutoa vivuli viwili kwa kila mtu. Iweke chini, usawa wa ukingo wa pazia, ili mikono ya fundi isikatize mwanga. Na sanamu ibanwe kwenye kitambaa muda wote. Ikiachana nacho hata kwa upana wa kidole, rangi hupotea na kinabaki kiwingu.

Wagiriki walimchukua wakamwita Karagiozis, wakampa mkono mrefu wa viungo vingi, na wakapanga jukwaa lao hivi: upande mmoja kibanda chake kinachotaka kuanguka, upande wa pili jumba la waziri. Watu wanaona siasa yote kabla neno halijatamkwa.

Kwa Waturuki mambo huanza polepole zaidi. Kwanza pazia linakuwa na picha isiyotembea, mti wa mlimau ndani ya chungu, au merikebu, ili watu watulie. Kisha unasikika mlio mkali wa nareke, filimbi ya unyasi iliyozibwa ncha moja kwa karatasi nyembamba, na picha inaondoka. (Misri wana aragoz, sanamu ya kuvaa mkononi, ambaye fundi wake huweka mdomoni kifaa kidogo cha bati kinachobadili sauti. Wanakiita amana. Mwaka 2018 UNESCO iliiweka sanaa hiyo katika orodha ya zinazohitaji kuokolewa haraka. Ya Karagöz ilitambuliwa mwaka 2009.)

Hacivat huingia kutoka kushoto akiimba, anaita "Hay Hak!", kisha anasoma shairi la pazia. Shairi hilo husema kwamba hiki mnachokiona ni kivuli, dunia nayo ni kivuli, na mwenye jicho la busara atapata mazingatio. Tusilipite haraka. Ebussuud Efendi, Sheikhulislamu (mufti mkuu wa dola) wa zama za Sultani Suleiman, alipoulizwa juu ya mchezo huu aliujuzisha kwa anayeutazama ili apate mazingatio. Shairi basi ni ibada kidogo, na ni kinga pia. Anayetaka kuushitaki mchezo lazima kwanza aeleze kwa nini anashitaki mawaidha.

Mwishoni kuna kinga ya pili. Hacivat, akiwa amekwisha kupigwa, hulalamika: umelibomoa pazia, umelifanya gofu, niende nikampe habari mwenyewe. Karagöz hubaki peke yake na kuomba radhi kwa kila neno ambalo ulimi umeteleza. Kati ya shairi na radhi, ndani ya saa nzima, ulimi huteleza kwa makusudi.

Katikati ndimo mlimo na muhavere, majibizano ya wawili, halafu fasıl, kisa chenyewe. Muhavere haufungamani na kisa. Unaweza kung'olewa na kupandikizwa mwingine, kama kubadilisha gurudumu, na hapo ndipo yaliyotokea mjini asubuhi huingia jioni. Kisa nacho hakikuwa na maandishi ya kusomwa. Hayali alijua mifupa ya michezo kama 28, ili mwezi wa Ramadhani usimwishie, na nyama aliijaza papo hapo. Mpelelezi aliyekuja Jumatatu hakuwa na karatasi ya kukamata, na Jumanne yale maneno hayakuwapo tena.

Visa vyenyewe vinafanana: Karagöz hana kazi, mkewe anadai matumizi, Hacivat anamtafutia kibarua. Anafanywa mwandishi wa barua na hajui kusoma. Anafanywa mvushaji wa mashua, na abiria wa kila kabila la dola wanapanda mmoja mmoja. Kila kazi inaharibika, na katika kuharibika kwake tunaona nani analipwa, nani anapunjwa, nani anaachiwa apite.

Lakini silaha yake kubwa ni sikio. Hacivat amesoma kidogo na anapenda kusema kwa lugha ya maofisini, iliyojaa Kiarabu na Kiajemi. Karagöz husikia kitu kingine. Haiwezekani kuufasiri mchezo huo wa maneno, ila unaweza kuujaribu kwa lugha yetu ukaona unavyofanya kazi, Hacivat akitangulia:

"Tumeandaa mkakati kabambe."

"Mkate na kambale? Nami nipakulie basi."

"Sikiliza, ewe! Tunalenga kuboresha huduma."

"Mnalenga kupora kisha kuhama? Heri umelisema mwenyewe."

Tazama kilichotokea. Hakuna aliyemshitaki mkubwa yeyote. Mjinga amesikia vibaya, na ukumbi mzima umesikia vizuri. Makofi ni ya watazamaji, na ndio waliomalizia sentensi. Ukitaka kuandika mchezo wa aina hii, jihadhari na jambo moja linaloharibu kazi nyingi za siku hizi: Karagöz asijue kwamba amesema kitu kikubwa. Akikonyeza tu, amekuwa mhubiri, na mhubiri hukamatwa.

Nisimpambe kupita kiasi. Pazia hilohilo lilicheka wanawake, Wayahudi, Waarmenia, watu weusi na walemavu, kwa vichekesho ambavyo leo havifai kurudiwa. Wala chombo chenyewe hakina upande. Ibn Iyas, mwandishi wa historia wa Misri, ameandika kwamba Sultani Selim wa Kwanza wa Osmani alipoiteka Cairo mwaka 1517 alionyeshwa mchezo wa vivuli wa kunyongwa kwa Tuman Bay, sultani wa mwisho wa Wamamluki waliokuwa wakiitawala Misri, mpaka kamba inavyokatika mara mbili. Alipendezwa, akamtuza fundi. Taa ni ileile, ngozi ni ileile.

Wakubwa waliuelewa mchezo upesi. Algeria, Wafaransa waliupiga marufuku mwaka 1843. Istanbul, kufikia zama za Sultani Abdülaziz (1861–1876), dhihaka juu ya wenye vyeo ilikuwa na adhabu kali, na hayali wengi walirudi kwenye vichekesho vya watoto. Hapo Karagöz akafanya jambo jingine: alihamia karatasini. Teodor Kasap alikuwa na gazeti liitwalo Hayal, na ndani yake wale wawili waliendelea kujibizana kwa kuchorwa. Katiba ya 1876 ilikuwa imesema kwamba magazeti yako huru ndani ya mipaka ya sheria. Februari 1877 likatoka toleo lenye mchoro wa Karagöz amefungwa mikono na miguu. Hacivat anamuuliza hali gani hii. Anajibu: huu ni uhuru ndani ya mipaka ya sheria, Hacivat. Kasap alihukumiwa kifungo cha miaka 3. Baada ya mapinduzi ya Vijana wa Kituruki ya 1908 lilianzishwa gazeti jingine, lililoitwa Karagöz moja kwa moja, na likadumu miongo kadhaa.

Aliyemdhuru zaidi, kwa maoni yangu, ni aliyempenda. Katika miaka ya 1930 Jamhuri ya Uturuki ilitaka kumfanya Karagöz mwalimu wa mageuzi, anayesifia mambo mapya kwa Kituruki safi. Mara akawa na maandishi, mara anajua anachokisema, mara anakubaliana na serikali. Watu hawakucheka. Kwa muda huo mfupi Karagöz alikuwa karagosi kweli, kwa maana yetu ya Kiswahili.

Anayetaka kujaribu huku kwetu hana haja ya ngamia. Nenda kwa wamba ngoma ukanunue ngozi ya mbuzi iliyokwanguliwa, isiyodabaghiwa. Ngozi moja, ukiacha pembezoni pasipo sawa, inatosha sanamu mbili au tatu za sentimita 35. Ni nyembamba kuliko ya ngamia, kwa hiyo inapitisha mwanga vizuri na inajikunja upesi kwa unyevu; pwani hilo ni tatizo la kila siku. Zilaze kati ya mbao mbili zenye uzito, na karatasi kavu baina yake, na usizitundike kamwe. Pazia liwe bafta, iliyofuliwa mara moja uwanga utoke, maana uwanga hubaki na mikunjo. Kola ya kijiti shona kabla ya kupaka rangi, kwa kuwa sindano hupasua rangi iliyokauka. Na mshipi wa kuvulia, ule mwembamba, unafaa kwa viungo vyote.

Sikio lianze kutafutwa mapema, hata kabla ya sanamu ya pili kukatwa. Chukua daftari ukaandike maneno ya matangazo, hotuba na mabango ya miradi, kisha uyasome kwa sauti na mtu mwingine akiwa chumba cha pili, mlango umefungwa nusu. Andika anachosikia yeye. Mengi hayatafaa. Yakipatikana 20 mazuri, unao muhavere wa dakika 10.